Sura Aliyofia Mshika Funguo

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu, mama yake alimwita kwa jina la utotoni ambalo halimfai tena mtu mzima, na watu wengine wote walimwita Breki. Alikuwa mwanamke anayefundisha udereva. Gari alilofundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake ulikaa karibu nayo kutwa nzima. Lakini jina lilimkaa zaidi kwa sababu ya maongezi yake. Alikuwa na tabia ya kumwacha mtu aseme, aseme mpaka anogewe, halafu anamsimamisha kwa neno moja.

Hakuwa mtu wa kelele. Mwanafunzi akiingia kwenye mzunguko bila kuangalia, huku lori likishuka kwa kasi, yeye alisema tu, "Tunasubiri," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni kiti. Gari lilisimama, lori likapita, mwanafunzi akafuta jasho. "Sasa twende," akasema.

Vitabu alivianzia hospitalini. Mwanafunzi mmoja alichanganya klachi na mafuta, gari likaparamia ukuta, na Breki akavunjika mguu. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ofisi lenye mashine ya kutoa nakala, alimletea kitabu kinene chenye jalada jeusi: juzuu ya kwanza ya Nchi Isiyokucha. Ilikuwa riwaya ya fantasia ya giza, kama wapenzi wake wanavyoiita. Ndani yake kulikuwa na wafalme waliooza wakiwa hai, ukungu unaokula watu, na jua lililokufa kabla hadithi haijaanza. Muuguzi alisoma ukurasa mmoja, akakirudisha kitabu kitandani kwa ncha za vidole.

"Mgonjwa unasoma vitu hivi?"

"Vinanipa usingizi," Breki alimjibu, na alikuwa anasema kweli.

Katika kitabu hicho alikutana na Mshika Funguo. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mguu mmoja uliopinda na ulimi mkali kama wembe, aliyelinda lango la mji wa wafu. Wafalme walikuja na majeshi yao, naye akawaambia wapange foleni. Breki akampenda papo hapo. Na siku aliporudi kazini kwa mara ya kwanza, goti likiwa bado linauma, alijiambia kwamba kama mwanamke yule anaweza kufungua lango la wafu kwa mguu ule, basi na yeye hatashindwa na gari dogo la kufundishia. Akaingia, akafunga mkanda, akamwita mwanafunzi.

Tangu hapo alikuwa mmoja wa wale waliokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha duka la kaka yake, katikati ya marundo ya karatasi na katoni za wino. Walikaa juu ya boksi za karatasi. Kaka yake alikuwa mwenyekiti kwa sababu duka lilikuwa lake. Alikuwepo Mwokaji, jitu la miraba minne lililonukia mkate na kulia kila farasi akifa kitabuni. Alikuwepo Profesa, ambaye hakuwa profesa bali karani wa idara ya maji, aliyepewa jina hilo kwa kuanza kila sentensi na "Kimsingi." Wengine walikuja na kuondoka.

Ikatoka juzuu ya tano. Kaka yake alimpa nakala ya kwanza, maana ilikuwa desturi yao, naye akaisoma ndani ya gari kati ya somo na somo. Karibu na mwisho kuna sura ndefu. Mshika Funguo anakamatwa na Bwana wa Pingu, anateswa ukurasa baada ya ukurasa, anakufa, na maiti yake inatundikwa kwenye lango lilelile alilolinda. Mwana wa Mfua Chuma, shujaa wa hadithi, anaiona maiti, anawaka hasira, anapata nguvu aliyokuwa akiitafuta tangu juzuu ya kwanza, anashinda vita.

Mwanafunzi wa saa hiyo alifungua mlango akamkuta mwalimu wake ameshika usukani, macho mbele, gari limezimwa.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Upo."

"Pole sana. Nani?"

"Mshika funguo."

Mwanafunzi akauliza kwa upole, "Sasa nyumbani mtaingiaje?"

Breki alicheka, lakini somo la siku ile alilifundisha mawazo yakiwa mbali.

Jumamosi chumba cha nyuma kilijaa. Kaka yake alifungua mjadala kwa kusema kwamba hii ndiyo sura bora kuliko zote, na kwamba alipofika kwenye maiti langoni alilazimika kufunga duka. Watu wakaitikia. Breki akawaacha waseme mpaka wakamaliza.

"Mimi naona amedhulumiwa," akasema.

"Ndiyo, na Bwana wa Pingu," Mwokaji akasema.

"Na mwandishi."

Profesa akajiweka vizuri kwenye boksi lake. "Kimsingi, dada yangu, hii ni fantasia ya giza. Ulitegemea nini? Maua na keki?"

"Giza nalipenda. Nimelala nalo wodini wiki nzima nikiwa na mguu wa plasta. Sisemi asiteswe, wala sisemi asife. Mnamkumbuka Mchinja Fahali katika juzuu ya tatu? Yule aliyekatwa mikono?"

Walimkumbuka. Mwokaji akashika kifua.

"Alipokuwa anakufa, tulijua anawaza nini. Alitukana, akaomba, akadanganya, akamkumbuka farasi wake. Mpaka leo naweza kuwaambia farasi yule alikuwa na doa wapi. Haya, niambieni, Mshika Funguo alipokuwa anakufa alikuwa anawaza nini?"

"Maumivu," mtu akasema.

"Hayo ni ya sisi kuyaona. Yeye je?"

Kaka yake akaingilia. "Wewe unachotaka ni wanawake wasife vitabuni. Hilo haliwezekani, vita ni vita."

"Nataka afe kifo chake, kaka. Hiki si chake. Kafa ili mwanamume mwingine akasirike. Mwandishi alihitaji kiberiti, akamtumia yeye."

Hapo ndipo Profesa, akiona hoja inamponyoka, alipotabasamu na kusema, "Kimsingi tatizo ni hili: kina mama wakija kwenye vitabu vyetu wanataka viwe vya mapenzi."

Watu wakacheka. Vicheko vya wengine Breki asingevijali. Aliwahi kuchekwa na madereva wa malori. Lakini kaka yake naye alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akajifanya anakohoa. Yeye ndiye aliyemletea kitabu cha kwanza kitandani. Breki akachukua mkoba wake, akasema, "Vitabu vyenu. Haya," akatoka kupitia mbele ya duka, taratibu, bila kuubamiza mlango.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, na ile nyingine hakwenda. Kaka yake hakupiga simu. Alipokuja kumwona mama yao, kwa kuwa Breki na mama waliishi nyumba moja, alikaa sebuleni akizungumza na mama pekee, na Breki akawa na kazi nyingi sana jikoni. Mama aliwavumilia kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya kufika vyumba vyote, "Mmegombana kwa ajili ya nani?"

"Mtu mmoja wa kitabuni, mama," kaka akasema.

"Wa kitabuni."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hata kuja hapa niwapatanishe hawezi."

Breki jikoni aling'ata mdomo asicheke, kaka naye akaaga mapema.

Ikawa hivyo kwa muda. Aliyelisogeza jambo ni wifi yake, mke wa kaka, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kuendesha gari kwake. Wifi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno, na aliendesha gari kama alivyoendesha cherehani: mguu mpaka chini, halafu anasimama ghafla kuangalia mshono.

"Mume wangu ananuna," wifi alisema, akikata kona. "Anapanga kalamu kwa rangi. Jana amepanga tena."

"Angalia kioo, wifi."

"Nimeangalia. Na hajui kuomba radhi, unamjua. Akikosana na mimi, naona tu amekuja kukaza skrubu za cherehani. Cherehani yangu haijalegea hata siku moja, yeye anakaza."

"Hujaangalia kioo."

"Nimeangalia, bwana."

Breki akakanyaga breki yake. Pikipiki ikapita ubavuni ikipiga honi.

"Kuanzia sasa," Breki akamwambia, "kila unalolifanya unalisema kwa sauti kabla ya kulifanya. Naangalia kioo. Nawasha indiketa. Kichwani mtu anadhani ameshafanya, kumbe ameruka. Ukisema kwa sauti, unasikia ulichoruka."

Wifi akaanza kusema. Aliposema alijikuta kweli kila mara anakiruka kioo, akashangaa, akaanza kujicheka. Breki alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja tu. Maneno aliyoyasema yeye mwenyewe yalikuwa yamemganda.

Walipomaliza, hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani, akamkuta kaka yake nyuma ya kaunta anatoa nakala za mitihani.

"Jumamosi tuisome ile sura kwa sauti," alimwambia. "Yote. Kila mtu achukue mhusika wake, wewe usome maelezo. Tukimaliza kama bado unaona ni sura bora, nitanyamaza na sitaitaja tena."

Kaka yake alimtazama. Alikuwa mtu wa kuipenda hadithi kwa dhati, na hakuona cha kuogopa. "Ikisomwa kwa sauti itakuwa kali zaidi," akasema. "Utaona mwenyewe."

"Vizuri. Mimi namchukua Mshika Funguo."

Jumamosi walikuja wengi kuliko kawaida. Alikuja hata binti wa kaka, aliyekuwa chuoni na aliyekuwa ameacha kuvisoma vitabu hivyo bila kusema kwa nini. Alijipachika juu ya rundo la karatasi, miguu ikining'inia. Profesa alipewa Bwana wa Pingu, akafurahi. Mwokaji akawa Mwana wa Mfua Chuma. Breki alisimama katikati, mbele yao, kitabu kikiwa wazi mkononi.

Kaka alianza vizuri. Alikuwa na sauti nzito, na chumba kidogo kikawa gereza kweli, maji yakidondoka. Profesa akaingia kwa mikogo, akivuta maneno ya Bwana wa Pingu kama mtu anayenyonya mfupa. Watu wakatabasamu. Akauliza swali la kwanza la mateso, na wote wakamgeukia Breki.

Breki akakiangalia kitabu. Hakukuwa na jibu lililoandikwa. Akanyamaza.

Kaka akaendelea na maelezo. Profesa akauliza tena. Wakamgeukia tena, naye akawa hana cha kusoma. Ukurasa ukafunuliwa. Bwana wa Pingu alikuwa na mengi: alieleza utoto wake, falsafa yake, sababu za ukatili wake. Maelezo nayo yalikuwa marefu. Yalieleza nywele za Mshika Funguo zilivyolowa, shingo yake ilivyong'aa kwenye mwanga wa mwenge, vazi lake lilivyochanika na wapi. Kaka aliyasoma hayo huku dada yake amesimama hatua chache mbele yake, mwenye sketi ya kazini na mguu uliowahi kuvunjika, mikono imelala ubavuni. Sauti yake ikaanza kupungua. Alijikwaa kwenye neno "paja," akarudia mstari, akajikwaa palepale.

"Turuke kidogo," akasema bila kuinua macho.

"Soma, kaka," Breki akasema kwa upole.

Akasoma. Profesa sasa alikuwa amepoteza mikogo yote. Aliyasema maneno ya Bwana wa Pingu haraka haraka, kama anayesoma masharti ya mkataba, na hakumtazama tena mtu aliyekuwa anaambiwa. Kulikuwa na ukimya wa ajabu chumbani, mtu mmoja akisubiri kusema na hapewi nafasi. Mwishoni kabisa, Breki alifika kwenye mstari wake.

"Maji," akasoma.

Ndiyo ilikuwa yote. Baada ya hapo maelezo yakamuua. Akaja Mwokaji na hotuba ya shujaa mbele ya maiti, hotuba ndefu na nzuri, akaisoma huku analia kama kawaida yake. Katikati akasimama, akafuta macho kwa mkono wa shati, akamwangalia Breki.

"Mbona naongea mimi tu?" akauliza.

Kaka akafunga kitabu, akakiweka gotini.

"Nimeisoma sura hii nikalia," akasema. "Nikairudia nikalia tena. Sikuwahi kugundua kwamba hasemi. Mwanamke aliyewapanga wafalme foleni." Akatikisa kichwa. Halafu, mbele ya wote, akamwambia dada yake, "Na siku ile nilicheka."

"Ulicheka."

"Nisamehe."

"Yameisha, kaka."

Breki alikaa kwenye boksi lake. Mguu ulikuwa umechoka, lakini alijisikia mwepesi, kama anavyojisikia mwanafunzi wake anapopanda mlima wenye foleni bila gari kurudi nyuma hata kidogo.

Profesa alikuwa anajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutopenda kushindwa. "Kimsingi," akaanza, akasita, akaanza upya. "Labda hasemi kwa sababu amekataa kusema. Hiyo nayo ni nguvu."

"Inawezekana," Breki akasema. "Basi nionyeshwe akikataa. Mtu anayefunga mdomo kwa hiari na mtu ambaye mwandishi hakumpa mdomo, ukiwatazama kwa mbali wanafanana. Mimi nataka kuwatazama kwa karibu."

Watu waliitikia, na mjadala ungeweza kuishia hapo, kila mmoja akaondoka na heshima yake. Lakini binti wa kaka alishuka kutoka kwenye rundo la karatasi.

"Shangazi, mimi sikubaliani na wewe," alisema. "Wala na baba. Mnasema hana mstari. Anao. 'Maji.' Katika juzuu ya pili lango la wafu linafunguliwaje?"

Chumba kikafikiri.

"Kwa funguo," Mwokaji akasema.

"Funguo zinazungushwa, lakini halifunguki mpaka kizingiti kilowe. Aliwaambia hivyo mwenyewe alipomfungulia yule mfalme mtoto. Sasa maiti yake wameitundika wapi? Langoni. Na usiku ule mvua inanyesha. Haombi maji ya kunywa. Anafungua."

Breki alimwangalia mpwa wake kama vile ndiyo kwanza amemwona. Kaka alikuwa ameshainuka kwenda kwenye rafu. Alirudi na juzuu ya pili, wakaufunua ukurasa, vichwa vyote vikainama juu yake, na kizingiti kilikuwepo, na kilikuwa kimelowa.

"Kwa hiyo anawatoa wafu wote," Profesa akasema taratibu.

"Na wewe mbona uliacha kuvisoma?" Breki akamuuliza binti.

"Kwa sababu ya maelezo yale ya vazi na shingo. Yananikera. Sura yenyewe naipenda. Inawezekana kuvipenda na kukereka kwa pamoja, au haifai?"

"Inafaa," Breki akasema. "Ila nakuambia kitu. Kama ulichokisema ndicho, basi mwandishi amekificha mpaka na yeye hakumbuki alikokiweka."

Binti akasema hapana, akatoa ushahidi mwingine, Breki akaupinga, na Profesa, kwa mshangao wa wote, akamuunga mkono Breki. Walibishana mpaka wifi akaja kuuliza kama wameuza duka na watu waliomo ndani.

Juzuu ya sita ilipotoka haikusema lolote kuhusu wafu kutoka langoni. Binti alidai subira. Breki alisema subira ni ya wagonjwa. Lakini tangu siku ile, sura yoyote iliyozua ubishi waliisoma kwa sauti kwa kugawana, na Breki alikuwa wa kwanza kuuliza nani anamchukua nani. Waliokuwa wanapita mbele ya duka Jumamosi walizoea kusikia mauaji yakitokea nyuma ya mashine ya nakala.

Halafu Breki akaja na kitabu kingine, cha mwandishi mwanamke, cheusi kuliko lami. Mhusika wake mkuu alikuwa mchawi wa kike asiye na huruma hata chembe, aliyewauza ndugu zake kwa mizimu na kuwaeleza sababu kwa kirefu. Profesa alikimaliza akaja amevimba macho.

"Huyu mwanamke," alisema kabla hajakaa, "mwandishi amemfanya katili kupita kiasi. Kimsingi amemdhulumu."

"Amemdhulumu vipi?" kaka akauliza.

"Mimi nimemwelewa kabisa. Wale ndugu zake walimfanyia mabaya. Mbona hakuna anayemtetea?"

Breki alisogeza boksi lake karibu na la Profesa, akafungua kitabu. "Haya," akamwambia, "mtetee. Chukua nafasi yake, anza ukurasa wa kwanza."

Profesa akakohoa kusafisha koo, akaanza kusoma.